Fahamu: Kauri inayosikia moyo wa mtoto tumboni

Jeli baridi ikishapakwa tumboni, kifaa cha ultrasaundi hutegemea vipande vya kauri vyembamba mno, mara nyingi 128.

Mwaka 1880, ndugu Wafaransa Jacques na Pierre Curie walionyesha kuwa baadhi ya fuwele zikibanwa hutoa umeme.

Kauri ya leo yenye tabia hiyo huwa na risasi, zirikoni na titani. Huchomwa tanuruni, kisha hupitishiwa umeme mkali ili chaji zake zielekee upande mmoja. Bila hatua hiyo ni kigae tu. Kwa masafa ya megahezi 5, unene wake ni takriban milimita 0.4. Msumeno wa almasi huikata kwa ustadi wa kustaajabisha. Umeme huitikisa itoe sauti, mwangwi ukirudi huibana itoe umeme, na moyo mdogo huonekana ukidunda.