Usukani Ukitetemeka Unapokanyaga Breki: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Vipuri

Unashuka kutoka Wundanyi kuelekea Mwatate. Unakanyaga breki kabla ya kona, na usukani unaanza kutikisika mikononi. Ukiachilia breki, unatulia. Madereva wengi huizoea hali hii na kuendelea na safari. Wengine hukimbilia kufanya alaimenti au kununua tairi mpya, kisha wakashangaa kwamba mtetemo bado upo.

Katika kaunti yetu ya Taita Taveta, breki hufanya kazi ngumu. Barabara za milimani zina miteremko mirefu na kona za karibu, na kule Voi barabara kuu ya Nairobi hadi Mombasa ina malori mengi yanayomlazimu dereva kupunguza mwendo ghafla. Makala haya yanaeleza mtetemo huo unatoka wapi, jinsi ya kuutambua, na mambo ya kumwambia fundi ili usilipie kazi isiyohitajika.

Mtetemo unatoka wapi?

Magari mengi madogo yana breki za diski kwenye magurudumu ya mbele. Diski ni sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Ukikanyaga breki, pedi mbili huibana diski hiyo kutoka pande zote mbili. Ikiwa diski ina unene sawa kila mahali, pedi hubana kwa utulivu. Ikiwa ina sehemu nene na sehemu nyembamba, pedi hushika na kulegea kila gurudumu linapozunguka. Gari dogo likiwa na mwendo wa kilomita 80 kwa saa, jambo hilo hutokea zaidi ya mara 10 kwa sekunde. Mshtuko hupitia tairodi na kufika kwenye usukani.

Tofauti ya unene inayosababisha haya ni ndogo sana. Milimita 0.02, ambayo ni chini ya unene wa unywele, inaweza kutosha. Kwa hivyo fundi hawezi kuthibitisha kwa kutazama tu kwamba diski ni nzima.

Watu husema diski "imepinda kwa moto". Mara nyingi haijapinda. Huwa imelika bila usawa, au masalio ya pedi yameganda sehemu moja baada ya breki kupata joto kali. Ulikaji huo nao mara nyingi huanzia kwenye mambo mawili madogo: kutu kwenye habu, yaani mahali diski inapokalia, na nati za magurudumu zilizokazwa bila mpangilio. Diski isipokaa sawasawa huyumba kidogo, ikigusa pedi hata wakati hujashika breki, na baada ya kilomita elfu chache usukani huanza kutetemeka.

Jichunguze mwenyewe kwanza

Chagua barabara tambarare, iliyonyooka na isiyo na magari mengi. Usivunje kanuni za mwendo. Zingatia haya:

1. Mtetemo upo hata bila kushika breki, hasa kati ya kilomita 80 na 100 kwa saa: anza na balansi ya magurudumu na hali ya tairi.

2. Mtetemo unakuja unaposhika breki tu, na unausikia kwenye usukani: shuku diski za mbele.

3. Unausikia zaidi kwenye kiti au sakafu kuliko kwenye usukani: breki za nyuma zichunguzwe pia.

4. Gari linavutwa upande mmoja, au gurudumu moja linatoa joto na harufu ya kuungua kuliko mengine: huenda kalipa imekwama. Usiguse rimu kwa mkono, kwani inaweza kukuunguza.

5. Usukani una uchezi, au kuna sauti ya kugonga kwenye mashimo: boljointi, tairodi endi na bushi zikaguliwe. Vipuri hivi vikilegea hukuza hata mtetemo mdogo.

Pedali ikidunda haraka mguuni ulipokanyaga breki kwa nguvu kwenye tope au changarawe, hiyo kwa kawaida ni kazi ya ABS wala si hitilafu.

Ukiwa kwa fundi

Kabla ya kukubali kununua diski, mwombe fundi apime. Unene hupimwa kwa mikromita katika sehemu kadhaa kuzunguka diski, na kuyumba kwake hupimwa kwa saa ya kupimia. Kila aina ya diski ina kipimo cha chini cha unene, na mara nyingi kipimo hicho huchapwa kwenye diski yenyewe. Ikiwa diski bado ina unene wa kutosha, inaweza kuchongwa kwenye mashine. Ikiwa imefika kipimo hicho, au itakishuka baada ya kuchongwa, ibadilishwe. Diski na pedi hubadilishwa kwa jozi, kushoto na kulia, ili gari lisivutwe upande mmoja.

Hakikisha habu imesuguliwa kutu hadi ikawa safi kabla ya diski kurudishwa. Kazi hii huchukua dakika chache tu. Ikirukwa, diski mpya itaanza kutetemeka kama ile ya zamani, na pesa zako zitakuwa zimepotea.

Nati zikazwe kwa msalaba, si kwa kufuata mzunguko, na kwa nguvu iliyowekwa na mtengenezaji. Kwa magari mengi madogo ya Toyota, kipimo hicho ni 103 Nm. Hili linahusu hata unapoziba pancha kando ya barabara: kukaza nati kwa bomba refu juu ya spana, au kwa spana ya upepo bila kipimo, kunaweza kuanzisha tatizo upya.

Baada ya kuweka pedi mpya, punguza mwendo taratibu kutoka kilomita 60 hadi 20 kwa saa mara kama 10, bila kusimama kabisa, kisha endesha kidogo breki zipoe.

Linda breki mlimani

Anza kushuka ukiwa na gia ndogo. Kwa gari la otomatiki, tumia L, 2, S au B kulingana na gari lako. Usining'inize mguu kwenye pedali mteremko mzima. Shika breki kwa uthabiti, punguza mwendo, kisha achilia zipoe. Kumbuka pia mafuta ya breki: hunyonya unyevu kadiri muda unavyopita. Mafuta mapya ya DOT 3 huchemka kwa nyuzi zisizopungua 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi karibu 140. Yakichemka mteremkoni, pedali huzama na breki hukosa nguvu.

Wakati wa kusimamisha gari

Usiendelee na safari ikiwa pedali inazama, taa ya breki imewaka, unasikia chuma kikisaga chuma, gurudumu linatoa moshi, au mtetemo umezidi ghafla. Nati zilizolegea huleta dalili hiyo ya mwisho, na gurudumu linaweza kuchomoka. Egesha mahali salama, weka pembetatu za tahadhari, uite fundi afike hapo ulipo.

Wenye matatu na magari ya mizigo wasingoje ukaguzi wa kila mwaka wa NTSA. Dereva ndiye anayeusikia mtetemo wa kwanza. Amwambie mwenye gari siku hiyo hiyo, na mwenye gari asimtume tena mlimani kabla breki hazijapimwa.