Lenzi ya Utando: Ugumu Umehamia Wapi?

Kioo kikuu cha darubini ya James Webb kina upana wa mita 6.5 na vipande 18, na uso wake ulisuguliwa kwa usahihi wa makumi ya nanomita. Ukali huo una sababu: mwanga unaoakisiwa hulipitia kosa la uso mara mbili, ukija na ukirudi. Lenzi ya difraksheni haiakisi. Ni utando mwembamba wenye miduara myembamba, na mwanga unaopenya humo huchepuka kuelekea fokasi. Utando ukibonyea mbele kidogo, njia ya mwanga hupungua kabla yake na kuongezeka baada yake, karibu kwa kiasi kile kile. Wengi husifu wepesi wake; kwangu sifa kubwa ni huku kusamehe mabonyeo.

Kuna pingamizi la haki: rangi. Lenzi yenye fokasi ya mita 100 kwa mwanga wa nanomita 500 hukusanya ule wa nanomita 600 kwenye mita 83 hivi. Dawa inatokana na wazo la Ludwig Schupmann la 1899: kusahihisha rangi mbele ya safari, kwa kifaa kidogo chenye kasoro iliyo kinyume. Lakini kifaa hicho hurekebisha tu mwanga kinaoudaka, hivyo ukanda wa rangi hubaki mwembamba. Kwa galaksi hafifu hiyo ni hasara. Kwa Jua si hasara hata kidogo: FalconSAT-7, setilaiti ndogo ya Marekani iliyorushwa 2019, ilibeba utando wa sentimita 20 uliolenga mstari mmoja wa haidrojeni, nanomita 656.3.

Hatari ninayoiona zaidi imo ndani ya kompyuta. Tangu William Sweatt, miaka ya 1970, wabunifu wanaweza kuufanya utando uonekane kwenye programu kama lenzi ya kawaida yenye kipeo kikubwa mno cha kupinda mwanga. Miale inafika mahali pake, picha inapendeza. Ila hesabu hiyo haisemi ni mwanga kiasi gani umefika. Miduara iliyochongwa kama mifereji ya ngazi mbili hupeleka kwenye fokasi asilimia 41 tu, ya ngazi nne 81, na sehemu kubwa ya mwanga uliobaki hugeuka ukungu juu ya picha. Wala msamaha ule hauhusu mvutano wa pembeni. Kwenye lenzi ya mita 20 yenye fokasi ya mita 100, miduara ya ukingoni hujirudia kila mikromita 5, hivyo kusogea nusu mikromita ni kosa la sehemu ya kumi ya wimbi. Utando ukipanuka sawasawa, fokasi husogea tu. Ukipata joto upande mmoja, picha huharibika. Basi modeli ya joto ianze siku moja na modeli ya mwanga.