MWILI UKITEMBEA, MACHO HUAMKA

Mchuma chai wa Pfunda aliyepanda mlima kwa miguu alfajiri huenda amewahi kuhisi kwamba akifika shambani macho yake ni mepesi: majani mawili na chipukizi huyaona upesi. Siku aliyoketi kwa muda mrefu akingoja kapita agawe mistari, macho hukawia. Baadhi yetu husema ni baridi tu. Wataalamu wamelichunguza jambo hili, na majibu yao yanatuhusu.

Walianza na panya. Mwaka 2010, Cristopher Niell na Michael Stryker wa San Francisco, Marekani, walimweka panya juu ya mpira unaoelea, akakimbia bila kuondoka mahali pake huku akionyeshwa picha. Chembe za ubongo zinazopokea habari za macho ziliitika zaidi ya mara mbili kuliko alipotulia. Jicho lilikuwa lile lile. Kilichoamka ni ubongo.

Mwaka 2017 ikaja zamu ya binadamu, katika Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara. Watu walipanda baiskeli iliyofungwa mahali pamoja, nyaya zimebandikwa kichwani, wakitazama mistari. Walipopiga pedali polepole, ubongo wa kuonea uliitika kwa nguvu kuliko walipokaa kimya. Walipokazana hadi kuhema, ile nguvu ya ziada ilipotea.

Hapo ndipo penye neno letu. Kapita asije akatuambia, "Ninyi mnabeba makasha kutwa, mazoezi ya nini tena?" Mzigo mzito si sawa na matembezi. Tena anayeinua gunia huku amebana pumzi huongeza shinikizo ndani ya jicho kwa muda ule, na mwenye ugonjwa wa glakoma anapaswa kujihadhari sana. Toa pumzi unapoinua. Kutembea kwa haraka au kuendesha baiskeli hushusha shinikizo hilo kwa muda, ingawa si badala ya dawa ya daktari.

Je, mwenzetu anayekagua chupa kiwandani? Yeye hana mzigo, lakini yuko pale pale saa nzima, macho kwenye taa, akitafuta ufa na uchafu. Majaribio ya Marekani hayakufanywa kiwandani, hilo tukubali. Hata hivyo, kumpokeza mwenzake kila baada ya muda ili anyooshe miguu dakika chache si gharama kubwa, na kamati inaweza kulipeleka ombi hilo kwa mwajiri.

Lakini tusidanganyane: mazoezi hayarudishi macho ya ujana. Ukifika miaka 40 hivi, lenzi ya jicho hukakamaa na vitu vya karibu huanza kufifia. Huko Assam, India, wachuma chai 751 wenye umri wa miaka 40 na zaidi waligawanywa mafungu mawili, fungu moja likapewa miwani mapema. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: waliovaa miwani walichuma zaidi, tofauti ikiwa karibu asilimia 22. Anayelipwa kwa kilo na apige hesabu mwenyewe.

Hapa Rwanda, katika miaka ya 2010, wauguzi wa vituo vya afya walifundishwa kupima macho na kutoa miwani ya kusomea. Ukienda, chukua kadi yako ya bima, na umweleze muuguzi kazi unayofanya na umbali ambao macho yako hutazama.