Ramu, Volti na Kompyuta za Kariakoo

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa Kariakoo na kule Posta jijini Dar es Salaam, kuanzia vyumba vya ghorofani Mtaa wa Aggrey hadi maduka ya Barabara ya Samora, zimeshafanya kazi katika ofisi za watu wengine: Dell OptiPlex, HP Compaq na EliteDesk zilizomaliza muda wake ng'ambo zikapakiwa kwenye makontena. Ni mashine ngumu, hazifi ovyo, na mnunuzi akishaizoea yake huanza kujiuliza kama inaweza kukimbia zaidi bila yeye kununua nyingine. Majibu yako mengi. Mojawapo, linalowavutia zaidi vijana wa gemu na mafundi wadadisi, ni kuigusa mazabodi yenyewe ili ramu ipewe volti nyingi kuliko alizokusudia mtengenezaji, kisha iongezwe kasi. Hoja yangu ni kwamba ufundi huu ni wa kweli, una historia na hesabu zake, lakini kwa mashine hizi hauna faida. Na fundi atakayeuelewa vizuri ataupatia kazi nyingine kabisa, yenye malipo.

Kila kizazi cha ramu kina volti yake iliyokubaliwa na watengenezaji. DDR ya kwanza ilipangiwa 2.5, DDR2 ikashuka hadi 1.8, DDR3 1.5, DDR4 1.2, na DDR5 ya sasa 1.1. Zinashuka kwa sababu chipu zinazidi kuwa ndogo na hazihimili nguvu kubwa, na pia kwa sababu volti ndogo ina maana ya joto kidogo na umeme kidogo. Lakini chipu ikipewa zaidi ya kipimo chake, ishara ndani yake hupanda haraka na sifuri hutofautika na moja mapema, kwa hiyo inaweza kuendeshwa kwa kasi kubwa zaidi kabla haijaanza kukosea. Miaka ya 2003 hadi 2005 jambo hili lilikuwa karibu dini kwa wapenda kompyuta wa Ulaya, Marekani na Asia. Chipu za Winbond zilizojulikana kama BH-5 zilikuwa na tabia ya pekee: zilizidi kuchangamka kila zilipoongezewa volti, hata kupita 3.3, na ramu iliyopangiwa 200 MHz ikavuka 250. Tatizo lilikuwa mazabodi, kwani nyingi za wakati ule hazikuruhusu hata kufika volti 3. Hapo ndipo watu wakashika pasi ya kulehemu. Biashara nayo haikuchelewa kunusa fedha: kampuni ya OCZ ikatoa kifaa cha kuchomeka kwenye nafasi tupu ya ramu ili kupandisha volti, na DFI ikauza mazabodi iliyoruhusu hadi volti 4 bila mtu kulehemu chochote.

Wanachofanya hao wa pasi ya kulehemu ni kitu rahisi kuliko kinavyosikika. Pawa saplai hutoa volti 12, 5 na 3.3; karibu na nafasi za ramu kuna saketi ndogo inayozishusha hadi kiwango kinachotakiwa. Chipu inayoongoza saketi hiyo ina mguu mmoja wa kupimia kinachotoka, lakini mguu huo hauoni volti yote, huona fungu lake tu baada ya kugawanywa na rezista mbili. Kazi ya chipu ni kuhakikisha fungu hilo halibadiliki. Tuchukue mfano wa chipu inayotaka kuona volti 0.8 kwenye mguu huo, rezista ya juu ikiwa ya omu 2,250 na ya chini omu 1,000: itakayotoka ni volti 2.6. Sasa ongeza rezista ya omu 10,000 sambamba na ile ya chini. Ya chini inakuwa sawa na omu 909, mguu unaona pungufu, chipu inadhani mzigo umeizidi, inasukuma mpaka 2.78. Chipu imedanganywa, basi, na uchawi wote ni huo.

Kwa vitendo, waliofanya hivi walilehemu rezista ya kuzungusha, ndugu wa ile inayopandisha sauti ya redio, ili volti ipandishwe kidogo kidogo huku mita ikisoma. Waya ukikatika, hakuna baya, volti inarudi ya kiwandani. Lakini rezista hiyo ikizungushwa mpaka sifuri, au tone la risasi likiunganisha mguu wa kupimia na ardhi, chipu inaona sifuri tupu na kufungulia nguvu yote iliyonayo, na ramu inakufa kabla mkono haujafika kwenye swichi. Kuna pia njia ya maskini: kuipaka rezista ya chini risasi ya penseli, maana grafiti hupitisha umeme na hupunguza ukinzani. Inafanya kazi. Ila grafiti haitulii, hupukutika na kubadilika kadiri siku zinavyokwenda, na katika jiji lenye unyevu wa bahari na vumbi la Msimbazi hakuna anayeweza kusema kesho mita itasoma ngapi.

Turudi kwenye OptiPlex yetu. Volti, hata uiongeze vipi, haiongezi kasi kwa punje moja. Inatoa nafasi tu ya kasi kuongezwa, na kasi yenyewe hupangwa kwenye baiosi. Mashine za ofisi zilizotengenezwa kati ya 2011 na 2014, ambazo ndizo nimezilenga hapa, zimejengwa juu ya chipu kama Q65, Q77 na H81, ambazo Intel ilizifunga: kasi ya ramu isizidi 1333 kwa prosesa za kizazi cha pili, isizidi 1600 kwa kizazi cha tatu na cha nne. Baiosi ya Dell au HP haina hata ukurasa wa kugusia mambo hayo. Fundi anaweza kulehemu kwa mkono wa dhahabu, mita ikasoma 1.65 safi kabisa, na kompyuta ikabaki pale pale kwenye 1600, ikiwa imeongezewa joto tu. Wale vijana wa 2004 walikuwa na mazabodi zilizotengenezwa kwa ajili ya kuchezewa, zisizo na kasoro ila volti. Hizi za kwetu zimefungwa kila mahali, na kuvunja kufuli moja hakufungui mlango.

Joto lenyewe si la kupuuzwa. Kwa kasi ile ile, umeme unaogeuka kuwa joto ndani ya chipu hukua kwa mraba wa volti: kutoka 1.5 hadi 1.8 ni ongezeko la sehemu ya tano tu, lakini joto linaongezeka kwa asilimia 44. Kuanzia Desemba hadi Machi mchana wa Dar es Salaam huanzia nyuzi 30 na kitu kabla hata feni haijawashwa, na kompyuta yenyewe imebanwa kwenye kona ya duka isiyopitisha hewa. Tena ramu si peke yake inayoumia. Zamani saketi inayoongea na ramu ilikuwa kwenye chipu ya pembeni. AMD iliihamishia ndani ya prosesa mwaka 2003, na Intel ikafuata kwa prosesa za Core i7 mwishoni mwa 2008, ikiwaonya watu waziwazi kwamba volti ya ramu ikipita 1.65 inaweza kuiharibu prosesa. Kwa hiyo anayecheza na kipande cha ramu cha bei nafuu anaweka rehani kitu ghali kuliko vyote kwenye sanduku lile.

Mpenda gemu atanijibu kwamba nampuuza, na ana hoja yenye uzito. Kompyuta isiyo na kadi ya picha hutumia ramu ya kawaida kuchora picha, na hapo kasi ya ramu huonekana kwa macho, si kwa vipimo tu. Ni kweli kabisa. Lakini tuifanyie hesabu. Kipande kimoja cha DDR3 cha 1600 kinapitisha GB 12.8 kwa sekunde. Tuseme, kwa muujiza, kimefikishwa 1866: kitapitisha 14.9, ongezeko la asilimia 17 hivi. Na ukichomeka kipande cha pili kinachofanana nacho kwenye nafasi ya jozi, prosesa inasoma vyote viwili kwa pamoja, na njia inapanuka hadi 25.6. Gemu haitaenda mara mbili, sisemi hivyo, lakini faida inazidi sana ile ya volti, na kazi yenyewe ni ya dakika moja isiyohitaji moto. Si ajabu kukuta mashine ya mtumba ina kipande kimoja kilichokaa peke yake, nafasi ya jirani ikikusanya vumbi. Kama bado inatumia diski ya kuzunguka, mabadiliko ya kwanza yawe SSD, kabla hata ya hiyo ramu ya pili.

Wapo watakaosema mashine ni ya bei rahisi, ikiungua itakuwa shule. Kwa mtu anayejaribu yake mwenyewe sina ubishi. Watu wengi walijifunza elektroniki kwa kuunguza vitu, na ningependa fundi kijana afanyie majaribio kwenye bodi mbovu badala ya bodi ya mteja. Ugomvi wangu uko kwa mashine inayorudi sokoni. Volti iliyopandishwa haionekani kwa nje. Kompyuta inawaka, inafungua Windows, inauzwa, na miezi michache baadaye inaanza kujizima au kuharibu mafaili bila sababu, na aliyeinunua anahangaika kufuta virusi visivyokuwepo. Kosa la ramu ni la siri namna hiyo: halileti moshi, linabadilisha sifuri kuwa moja katikati ya hesabu za duka.

Fundi anayejua mguu wa kupimia uko wapi anapata riziki upande mwingine. Mteja analeta mashine isiyowasha picha, feni zinazunguka, kioo cheusi. Asiyejua ataanza kubadilisha ramu, kisha prosesa, kisha atasema bodi imekufa. Anayejua ataweka mita kwenye koili iliyo karibu na nafasi za ramu. Akikuta 1.5, upande huo ni mzima, aende kwingine. Akikuta sifuri, chipu ya kushusha volti au moja ya transista zake imekwisha, au kuna shoti. Akikuta 1.9, ramu zote atakazojaribu hapo zinaweza kuharibika, na pengine chanzo ni rezista moja ndogo kama punje ya mchele iliyoliwa na kutu. Hesabu ya rezista mbili zinazogawana volti hufundishwa mapema katika somo la elektroniki, pamoja na pale chuo cha DIT, Barabara ya Morogoro, ambako ni mwendo wa miguu tu kutoka Kariakoo.

Ujuzi huu hautapitwa na wakati, ila utahama mahali. Katika DDR5, iliyoingia kwenye kompyuta za mezani mwaka 2021, mazabodi haishushi tena volti ya ramu. Inapeleka volti 5, na kila kipande kina chipu yake ya kuishusha hadi 1.1. Wapenda kasi wa sasa huipandisha kwa programu, wakiwa wamekaa kwenye kiti. Mashine hizo zitakapomaliza muda wake maofisini na kushuka Kariakoo kwa wingi, fundi atakayeweka mita mahali alipozoea atasoma 5 na kudhani bodi imeharibika, kumbe ni nzima. Na hitilafu inayoua mazabodi leo itakuwa ikiua kipande kimoja cha ramu, ambacho mwenye mashine ya hewa moto na mkono mtulivu ataweza kukifufua kwa chipu iliyong'olewa kwenye kipande kingine kibovu.