Waliokaa Miaka, Waliokaa Saa

Bingwa wa kung'ang'ania ikulu ni Teodoro Obiang Nguema wa Guinea ya Ikweta. Tarehe 3 Agosti 1979, akiwa luteni kanali, alimpindua Francisco Macías Nguema, mzee wa ukoo wake mwenyewe, na Septemba haijaisha Macías akapigwa risasi. Hakuna rais aliye madarakani leo aliyekaa miaka mingi kumshinda. Makamu wake ni mwanawe.

Kwa ufupi wa utawala, Afrika Mashariki tunaye wetu. Hezekiah Ochuka, askari wa cheo cha chini wa Jeshi la Anga la Kenya, alijitangaza mtawala Jumapili ya 1 Agosti 1982. Mtangazaji Leonard Mambo Mbotela alilazimishwa kuisoma habari hiyo Sauti ya Kenya. Mapinduzi hayakumaliza siku. Ochuka alikimbilia Tanzania, akarudishwa, akanyongwa 1987.

Kwa umri mdogo, Kapteni Valentine Strasser wa Sierra Leone: Aprili 1992 alishika nchi siku chache tu baada ya kutimiza miaka 25. Kwa sherehe, Bokassa wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, aliyejivika taji la ufalme Bangui mwaka 1977 kwa gharama ya takriban dola milioni 20.

Kwa wingi wa vyeo, nani atamfikia Idi Amin? Rais wa maisha, jemadari mkuu, daktari, mshindi wa Dola ya Uingereza, bwana wa wanyama wote wa nchi kavu na samaki wa baharini (Uganda, tukumbuke, haina bahari). Mwaka 1972 aliwapa Waasia siku 90 wafungashe. Maduka yao wakagawiwa maafisa wa jeshi na marafiki zao, ambao wengi hawakuwahi kuagiza hata katoni moja ya sabuni. Bidhaa zilipokwisha rafuni hazikurudi. Sukari na chumvi zikawa za magendo, na wa kupata ni mwenye kujuana na mwanajeshi. Kulalamika nako kulikuwa na bei yake: vijana wa usalama kutoka makao yao ya Nakasero, Kampala, walimkamata mtu mchana kweupe, wakamtia kwenye buti ya gari, na jamaa zake wakaogopa hata kuuliza kapelekwa wapi.

Majeshi ya Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni waliiteka Kampala Aprili 1979. Amin alifia Jeddah mwaka 2003, bila kupandishwa kizimbani hata siku moja.