Jibu Lililopotea Njiani: Kazi ya Wapimaji wa Programu za Simu

Wapimaji wa programu ni watu ambao riziki yao ni kutafuta kasoro katika kazi ya waandishi wa programu kabla kazi hiyo haijamfikia mtumiaji, nao katika miji mingi duniani wamejiwekea ada ya kukutana barazani, kila mtu na simu yake mkononi, ili wafundishane yale ambayo ofisi moja haiwezi kuyafahamu peke yake. Mwaka 2009, mjini Bangalore nchini India, ada hiyo ilipata sura mpya kwa kuanzishwa kwa Weekend Testing, ambamo wapimaji walitoa sehemu ya mapumziko yao ya mwisho wa juma wakaipima programu moja kwa pamoja, kisha wakaulizana kila mmoja aliona nini na kwa nini alipita njia aliyoipita. Utaratibu huo naupenda kuliko mhadhara, kwa kuwa upimaji ni kazi ya macho na vidole, na elimu yake humwingia upesi mtu anayeifanya pamoja na mwenziwe.

Baraza likihusu programu za simu, mambo ya kuzungumzwa hayana ukomo; lakini kwetu Afrika Mashariki, ambako simu ndiyo iliyoshika fedha za watu wasiowahi kufungua akaunti ya benki, liko moja lipasalo kuyatangulia yote: programu hufanya nini jibu linapopotea njiani. M-Pesa ilipozinduliwa nchini Kenya mwezi wa Machi 2007, mtumiaji alifuata menyu iliyokaa ndani ya laini yake, simu ya vitufe ikamtosha, wala intaneti haikuhitajiwa. Leo kampuni za simu, mabenki na maduka yana programu zao katika simu janja, na kila programu hupeleka ombi kwenye seva kwa njia ya intaneti, kisha hungoja jibu. Baina ya ombi na jibu ndimo ilimojificha fitina.

Tumtazame mfanyabiashara wa Kariakoo anayemlipa mtu aliyemletea mzigo shilingi 150,000. Amebonyeza Tuma, ombi limefika kwenye seva, fedha zimekatwa katika salio lake, na jibu la kumwarifu kwamba mambo yametimia limo safarini linarudi, mara mtandao unakata. Simu yake haina habari ya lolote lililotendeka huko. Mwandishi wa programu asiye na hadhari alikwisha kuamuru kwamba sekunde 30 zikipita bila ya jibu, kioo kiandike, “Muamala umeshindikana, jaribu tena.” Maneno hayo ni ya uongo, ijapokuwa hakuna aliyekusudia kudanganya, naye mfanyabiashara, kwa kuyaamini, hubonyeza mara ya pili, na shilingi 150,000 nyingine zikakatwa.

Kasoro ya namna hii haionekani ofisini, ambako intaneti ni ya kasi na haikati. Hata mpimaji mwenye bidii huikosa, kwa sababu aghalabu huiweka simu katika hali ya ndegeni mara tu baada ya kubonyeza Tuma, na kwa kufanya hivyo pengine amelikata ombi lenyewe kabla halijatoka, jambo ambalo ni hitilafu nyingine iliyo nyepesi, maana fedha hazijaguswa. Njia ya yakini ni kuweka baina ya simu na seva ya majaribio programu ya kati, mfano wa Charles au mitmproxy, ikaamriwa iliache ombi lipite salama na ilizuie jibu tu. Wanaoandaa baraza wakumbuke hapa kwamba tangu Android 7 ya mwaka 2016, programu haiviamini vyeti vya usalama alivyoviongeza mtumiaji mwenyewe ila mwandishi wake akiiruhusu, kwa hiyo toleo la majaribio liombwe mapema, la sivyo kikao chote kitaisha kwa kuhangaika na vyeti. Jibu likishazuiwa, mpimaji hutazama mambo mawili kwa pamoja: maneno yaliyo juu ya kioo cha simu, na maandishi yaliyo katika kumbukumbu za seva.

Dawa inajulikana. Kila muamala upewe namba yake ya pekee ndani ya simu kabla ombi halijatumwa, na namba hiyo ihifadhiwe. Mtumiaji akibonyeza tena, ombi la pili lichukue namba ile ile, na seva, ikiona kuwa imekwisha kuitumikia, irudishe jibu la kwanza bila ya kukata fedha tena. Kioo nacho kisitamke kushindikana maadamu simu haina ithibati ya kushindikana. Kiseme kwamba muamala unashughulikiwa, kisha programu iiulize seva habari za namba hiyo mtandao utakaporejea. Walakini mpimaji asiridhike upesi. Aigize pia mtu anayetaka, kwa hiari yake, kumlipa mtu yule yule kiasi kile kile mara mbili kwa siku, kwa maana seva inayotambua marudio kwa kulinganisha kiasi na mpokeaji badala ya namba ya muamala itamnyima haki yake, na dhuluma hiyo si ndogo kuliko ile ya kwanza.

Namba hiyo ya muamala ina adui mwingine, naye yumo ndani ya simu yenyewe. Android ina mamlaka ya kuiua programu iliyoachwa nyuma pindi kumbukumbu ya simu inapopungua, tena huiua kimya. Mtu ametuma fedha, akapigiwa simu na nduguye, wakazungumza kitambo, akafungua ujumbe wa picha aliotumiwa. Akirejea, programu inaanza upya kana kwamba hakuna lililotokea, na ikiwa namba haikuandikwa mahali pa kudumu, imekwenda na maji. Wapimaji wana njia sahali ya kuleta tukio la kukaribiana na hili bila ya kulingoja: katika mipangilio ya wasanidi ndani ya Android kuna swichi inayoiamuru simu ivunje kila ukurasa mara tu mtumiaji anapouacha. Swichi hiyo ikiwashwa, programu nyingi zilizokuwa zikisifiwa huanza kusahau mambo.

Suala la simu ya kupimia lina ubishi mwingi kuliko linavyostahili. Simu ya kuigiza ndani ya kompyuta ni chombo chema cha kazi za kila siku, lakini programu iliyopimwa humo peke yake ni jahazi ambalo halijaondoka gatini. Masoko yetu yamejaa Tecno, Infinix na itel, zote za kampuni ya Transsion ya Shenzhen nchini China, na nyingi zinauzwa zikiwa na kumbukumbu ndogo; Google yenyewe ilitangaza mwaka 2017 Android Go kwa ajili ya simu zenye gigabaiti 1 au pungufu. Hapa baraza lina fadhila ambayo hakuna fedha za ofisi ziwezazo kuinunua, kwa sababu watu 20 wakija na simu zao wenyewe, huja pia na betri zilizochoka, nafasi iliyojaa picha za harusi, laini mbili za kampuni tofauti na vioo vilivyopasuka. Na kwa kuwa tangu Android 6 ya mwaka 2015 mtumiaji anaweza kuiondoa idhini aliyokwisha kuitoa, kila mmoja aizime idhini ya kamera au ya orodha ya majina katikati ya kazi, atazame programu itasema nini.

Data za majaribio nazo zitoke kwetu. Jina la Ng'ang'a, lililo la kawaida kabisa nchini Kenya, lina alama mbili za ritifaa, na alama hiyo hiyo ndiyo inayofunga maneno katika lugha ya hifadhidata ya SQL. Programu iliyoandikwa ovyo humkataa mwenye jina, au, baya zaidi, hudhihirisha mlango ambao mwizi ataupitia. Saa pia. Mgonjwa aliyepangiwa kumwona daktari saa 3 asubuhi, akipata ukumbusho usemao “saa 9” kwa kuwa mfasiri alihamisha tarakimu za 09:00 bila ya kuhesabu, atafika alasiri na kukuta kliniki imefungwa.

Kuhusu mashine za kupima, Appium na Espresso na nyinginezo, nasema machache: hurudia bila ya kuchoka yale tuliyokwisha kuyafikiri, na kazi hiyo ni ya lazima kila toleo jipya linapotoka, ila hazikufikiri kumhusu Ng'ang'a. Edsger Dijkstra, mtaalamu wa sayansi ya kompyuta, alikwisha kutahadharisha katika mkutano wa uhandisi wa programu uliofanyika Roma mwaka 1969 kwamba majaribio huonyesha kuwapo kwa kasoro wala hayaonyeshi kutokuwapo kwake, na mimi sijaona chombo kilichoibatilisha kauli hiyo.

Mwisho wa kikao ni wa kuandika taarifa, na hapa wengi hufanya haraka. Taarifa isemayo “programu imegoma” haimfai mtu. Iandikwe aina ya simu, toleo la mfumo, nafasi iliyobaki, aina ya mtandao, hatua moja baada ya moja, na namba ya muamala. Majina na namba za simu za watu zifutwe katika picha za kioo. Kisha chini kabisa iandikwe mistari miwili, wa kwanza ukieleza kioo kilisema nini, wa pili seva iliandika nini. Mistari hiyo miwili ikihitilafiana, toleo jipya halina budi kuzuiwa hata sababu ijulikane, ijapokuwa siku ya uzinduzi imekwisha kutangazwa.