Siku tatu za baba ziliishia wodini

NDUGU msomaji, hasa wewe kijana unayetarajia kuitwa Baba Fulani siku si nyingi, hebu kaa nikupashe. Mama watoto wangu alijifungua kwa upasuaji. Tukakaa wodini siku tatu. Siku ya nne, ndiyo kwanza ameruhusiwa kurudi nyumbani, mimi natakiwa kazini!

Afisa utumishi wala hakunionea, alinifungulia kitabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 34, ilimpa baba likizo ya malipo isiyopungua siku tatu, tena azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Kuna na kituko kingine: siku hizo ni za mzunguko mzima wa miezi 36. Ukijaliwa watoto wawili humo ndani, siku ni tatu zilezile.

Basi mwenzangu hawezi kuinama, kidonda kibichi, maji yako bombani uani, mama mkwe yuko Songea anahangaikia nauli ya basi. Nani apike mtori, nani afue nepi? Nilimwachia jirani ufunguo, nikapanda daladala roho mkononi. Saa nane mchana napigiwa simu: kajaribu kunyanyua ndoo, nyuzi zimeachia. Tukarudi hospitali.

Mama alipewa siku 84, na 100 akijifungua mapacha. Hapo sina ugomvi. Ila kwa baba sheria ilikaa kama vile mtoto ana mzazi mmoja na mgeni mmoja. Jirani zetu Kenya, sheria yao ya ajira ya mwaka 2007 ilimpa baba wiki mbili kwa mshahara kamili. Waheshimiwa wetu kule Dodoma wanashindwa nini? Kutoka siku 3 hadi 14 ni nyongeza ya siku 11 tu katika miaka mitatu. Kampuni gani itafilisika kwa siku 11?

Kijiweni jamaa walinicheka, eti wanaume tukipewa wiki mbili tutahamia baa. Wapo watakaohamia, sibishi. Mbona wapo wanaougua "malaria" kila Jumatatu, na likizo ya ugonjwa haijafutwa?

Mbunge wetu akija tena kuhutubia habari za barabara, nitanyoosha mkono nimuulize kifungu cha 34. Mama watoto sasa kapona, ameanza hata utani wa mtoto wa pili. Nimemwambia asubiri kwanza miezi 36 iishe.